Cherehani ya Kiwandani Inapokataa Kuzunguka

Mwezi wa Desemba 2021, mke wa koplo mmoja wa polisi, mkazi wa kambi mojawapo mjini Kampala, alinunua cherehani ya kiwandani iliyokwisha kutumika. Nusu ya fedha ilikuwa akiba yake ya miezi kumi na minane, na nusu ya pili ilikuwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, ambao marejesho yake yalipaswa kuanza mwishoni mwa Januari. Mumewe alikuwa kazini Moroto. Alijulishwa kwa simu, akaridhia.

Hesabu ya mama huyo haikuwa mbaya. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ingawa baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi kwa vipindi, wanafunzi walio wengi walikaa nyumbani karibu miaka miwili, hadi Jumatatu tarehe 10 Januari 2022. Mtoto hakai miaka miwili bila kukua. Kaptura zilizowatosha watoto siku ya kufunga shule zilikuwa sasa zimepanda mapajani, na mashati hayakufunga vifungo. Akina mama wa kambini walikwisha kumwagizia mwenzao sare arobaini, na wengi wao walimpa fedha za kitambaa. Cherehani yake ya zamani, ile ya kukanyagwa kwa miguu, isingeweza kuzimaliza kwa muda uliobaki.

Aliyoinunua ilikuwa Juki ya aina ya DDL-5550, cherehani ya sindano moja inayofahamika sana kwa mafundi wa nguo. Ilikuwa na meza yake, mota yake na taa yake. Muuzaji aliipangusa ikang'aa, akaeleza kwamba ilitoka kwa mshonaji wa sare aliyefunga kazi wakati shule zilipofungwa. Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililopaswa kumtahadharisha mnunuzi, maana cherehani hiyo ilikuwa imesimama miezi ishirini na mmoja bila kuguswa. Dukani hapakuwa na umeme saa ile. Mama hakuligusa gurudumu. Alitazama rangi, akalipa.

Usiku huo, alipochomeka waya na kuwasha swichi, mota iliunguruma vizuri. Alipokanyaga pedali, muungurumo ulishuka, mkanda ukatetemeka, harufu ya kitu kinachoungua ikatoka chini ya meza, na gurudumu halikuzunguka hata kidogo. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu, moshi mwembamba ukaonekana. Muuzaji alipopigiwa simu asubuhi alijibu kwamba mali iliyokwisha kuuzwa hairudishwi.

Majirani hawakosekani kambini. Vijana wawili walifika na spana kubwa ya kufungulia mabomba, wakataka kulishika gurudumu kwa meno yake na kulivuta wote wawili kwa pamoja. Walizuiwa na mzee mmoja aliyekuwa akipita, fundi wa silaha aliyestaafu, ambaye siku hizi hutengeneza baiskeli na cherehani katika baraza ya nyumba ya mwanawe.

"Bunduki ikikwama risasi ndani, ninyi huipiga nyundo?" aliwauliza.

Vijana wakacheka, wakaweka spana chini.

Mzee huyo alikuwa na haki, na sababu yake yafaa ielezwe kwa wale wote wanaodhani kwamba chuma ni chuma. Ndani ya kichwa cha cherehani mna shafti moja juu na nyingine chini, na kati yao shafti ya wima yenye gia ndogo zilizokatwa mshazari. Sehemu hizi zimefungwa kwa skurubu ndogo zinazobana juu ya shafti. Mtu akilazimisha gurudumu kwa nyenzo ndefu ilhali kitu kimoja kimekaza chini, moja kati ya mambo mawili hutokea: jino la gia huvunjika, au skurubu huteleza juu ya shafti. Likivunjika jino, gharama inajulikana. Skurubu ikiteleza, gurudumu huzunguka na watu hushangilia, lakini sindano na ndoana huwa hazikutani tena mahali pake, na cherehani haishoni. Hapo mwenye mali huwa amebadilisha ugonjwa mmoja kwa ugonjwa mwingine ulio mgumu zaidi kuutambua.

Kazi ya kwanza ya mzee ilikuwa kuchomoa waya ukutani. Hakutosheka na kuzima swichi. Mota za zamani zenye klachi huendelea kuzunguka kwa kitambo baada ya kuzimwa, kwa sababu ya uzito wa gurudumu lililo ndani yake, na mtu akigusa pedali kwa goti wakati huo, sindano hushuka juu ya kidole. Mota za kisasa ambazo hazizunguki mpaka pedali ikanyagwe zina hatari yao pia: ziko kimya, na mtu husahau kwamba zimewashwa.

Kisha akautoa mkanda katika gurudumu. Kwa kitendo hicho kimoja, cherehani iligawanyika sehemu mbili, mota upande mmoja na kichwa upande mwingine, na sasa ingeweza kuulizwa ni upande upi wenye kosa. Mota ilichomekwa peke yake. Pedali ilipokanyagwa, puli yake ilizunguka kwa kasi. Mota basi ilikuwa nzima, na ile harufu ya jana ilitoka katika bamba la klachi lililokuwa likisuguana bure dhidi ya kichwa kisichotaka kwenda. Kama mama angeendelea kukanyaga kwa dakika chache zaidi, angenunua na klachi.

Si kila mnunuzi huwa na bahati hiyo ya mota. Cherehani nyingi za namna hii hutoka viwandani, na mota za viwandani mara nyingi ni za umeme wa fezi tatu, volti 415 kwa Uganda, ilhali nyumba za kambini zina fezi moja ya volti 240. Mota ya fezi tatu ikiunganishwa kienyeji katika nyumba ya fezi moja hunguruma tu, haiondoki, kisha huungua. Nyingine hutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, au Marekani, ambako ni volti 120. Hizo zikichomekwa katika volti 240 bila transfoma hazimalizi hata pindo moja. Kibao kidogo kilichopigiliwa ubavuni mwa mota kinayasema yote hayo, na kukisoma hakuhitaji fundi.

Mkanda ukiwa nje, mzee alilishika gurudumu kwa mkono mtupu. Alilisukuma mbele taratibu, likaenda upana wa kidole, likagota. Alilirudisha nyuma, likagota tena. Alirudia mara kadhaa, kichwa chake kikiwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, hapa kuna mambo mawili," alisema. "Kuna kitu kimezuia, na kuna kitu kimeganda."

"Umejuaje, mzee, na hujafungua?"

"Gurudumu limeniambia."

Naye hakuwa akijisifu. Gurudumu lililokwama lina lugha yake, na mwenye kujifunza lugha hiyo hupunguza nusu ya kazi. Likienda kidogo na kugota palepale kila mara, kwa mgoto mkavu wa chuma, kuna kizuizi: uzi uliobanwa katika ndoana, ncha ya sindano iliyovunjika, sindano iliyofungwa chini mno au isiyo ya aina yake. Likizunguka duara zima lakini kwa uzito uleule mahali pote, kama mwiko katika ugali, mafuta ya zamani yameganda, au uzi umejiviringisha katika shafti, na mahali panaposahauliwa sana ni nyuma ya gurudumu lenyewe, kati yake na mwili wa cherehani. Likiwa halitikisiki hata upana wa unywele, huenda ni kutu au mgando mkubwa, na pengine ni jambo baya zaidi ambalo litatajwa mbele. Gurudumu la mama huyu lilikuwa na dalili mbili kwa pamoja: mgoto mkavu mwishoni, na uzito kama wa gundi katika ule mwendo mdogo uliobaki.

Alianza na kizuizi. Sindano ilitolewa, kisha mguu unaokandamiza nguo, kisha bamba la chuma lililo chini ya sindano, ambalo hushikwa na skurubu mbili. Bisibisi aliyotumia ilikuwa pana, inayojaa barabara katika mfereji wa skurubu. Wengi huharibu vichwa vya skurubu hizo kwa bisibisi nyembamba ya redio, na baada ya hapo hazifunguki ila kwa kutobolewa. Chini ya bamba, meno yanayosukuma nguo yalikuwa yamezama katika vumbi la nyuzi lililoshikamana kama sufi ya godoro. Likatolewa kwa kijiti na brashi ya meno. Hakupuliza kwa mdomo wala kwa pampu ya baiskeli, kwa kuwa vumbi linalopulizwa huingia ndani zaidi.

Kichwa kikalazwa nyuma juu ya kigingi chake. Kigingi hicho cha mbao au plastiki, kinachosimama katika tundu la meza nyuma ya cherehani, hupotea mara kwa mara katika biashara ya vitu vilivyotumika, nacho ni cha lazima. Kichwa cha cherehani ya aina hii kina uzito wa zaidi ya kilo 25, na pasipo kigingi huanguka nyuma ya meza pamoja na vidole vya anayekishika.

Sasa ndoana ilionekana. Hiki ndicho chombo cha duara kilichoko upande wa kushoto chini, chenye ncha kali, ambacho huzunguka mara mbili kila sindano inaposhuka mara moja, kuukamata uzi wa juu na kuuzungusha kuivuka bobini. Kikasha cha bobini kilipotolewa, mzee aliwasha tochi ya simu, akamwonyesha mama: kati ya ndoana inayozunguka na kikapu kilichokaa ndani yake palikuwa na uzi mweusi uliobanwa, umekunjamana, umekuwa mgumu kama waya. Uzi mmoja tu wa poliesta. Wengi hawaamini kwamba uzi unaokatika kwa meno unaweza kuisimamisha mota, lakini nafasi ile ni nyembamba mno, na uzi ukijibana huko huwa kabari.

Kabari haitolewi kwa kusukumwa mbele. Mzee alidondosha matone matatu ya mafuta ya taa juu ya uzi, akasubiri muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akawa analipeleka gurudumu nyuma na mbele, nyuma zaidi kuliko mbele, kila mara kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Mama alishika tochi na kibanio cha nyusi. Baada ya muda kipande kimoja kilichomoza, akakivuta. Kikafuata cha pili. Cha tatu kilikuwa na ncha ya sindano iliyovunjika, ndogo kama punje ya mtama. Gurudumu lilipojaribiwa tena halikugota. Lilikwenda robo ya mzunguko, zito, likachoka.

Ndipo mzee alipotia kidole katika sinia la mafuta lililo chini ya cherehani na kukinusa.

Cherehani za kasi haziishi kwa matone ya mafuta yanayotiwa mara moja kwa wiki kama zile za nyumbani. Chini yake kuna sinia lililojaa mafuta, na pampu ndogo huyapandisha juu wakati inapokwenda, ndiyo maana juu ya kichwa kuna kidirisha cha kioo ambamo mafuta huonekana yakirukaruka. Mafuta yanayostahili ni mepesi, meupe kama maji, hayana harufu kubwa, na huuzwa kwa jina hilohilo la mafuta ya cherehani. Yaliyokuwa katika sinia hili yalikuwa ya manjano, yakivutika kidoleni kama asali, na yalinuka jikoni.

"Mafuta ya kukaangia," mzee alisema. "Mwenye nayo wa kwanza aliishiwa, akachukua chupa ya mkewe."

Kosa hili limeenea, na wanaolifanya hudanganywa na jinsi linavyofanikiwa mwanzoni, kwa sababu mafuta ya kupikia hulainisha vizuri siku ya kwanza na pengine mwezi wa kwanza. Lakini mafuta ya mimea mengi, yakitandazwa membamba juu ya chuma na kuachwa hewani, hubadilika taratibu kuwa utando mgumu, sawa na ule unaong'ang'ania sufuria nyuma na usiotoka kwa sabuni. Cherehani inayofanya kazi kila siku huusumbua utando huo usishike. Cherehani iliyosimama miezi ishirini na mmoja huushikisha kila shafti na kila bushi. Mafuta ya nazi yana kosa lake jingine: chini ya nyuzi joto 24 hivi huganda yakawa meupe, na usiku wa Kampala hushuka chini ya hapo. Mafuta mazito ya injini hayagandi hivyo, lakini ni mazito kwa pampu ndogo na huchafua nguo, kwa hiyo nayo hayafai.

Mzee hakuongeza nguvu, aliongeza siku. Mama alihesabu tarehe kwa vidole, akaomba kama haiwezekani kumalizwa jioni ileile, naye akajibiwa kwamba iwezekanalo jioni ile ni kuivunja. Mafuta ya taa yalichanganywa na mafuta halisi ya cherehani, nusu kwa nusu. Sinia likamwagwa, likafutwa. Kila tundu la mafuta, kila mahali ambapo chuma kinachokwenda kinaingia katika chuma kisichokwenda, palitiwa mchanganyiko huo kwa bomba la sindano la dawa lisilo na sindano: juu ya shafti, nyuma ya gurudumu, katika fimbo ya sindano baada ya kufungua kifuniko cha ubavuni, na katika vitovu vya meno. Kisha gurudumu likatikiswa kidogo, kwa mkono, likaachwa.

Mchana wa siku ya pili kichwa kiliwekwa juani juu ya kipande cha bati, kimefunikwa kwa kitambaa cheusi, mpaka chuma kikawa cha moto kiasi cha kuvumilika mkononi. Joto hulegeza utando huo kuliko dawa. Mafundi wengine hutumia mashine ya kukaushia nywele kwa kusudi hilo, nayo hufaa, ila tu chuma kilicholoweshwa mafuta ya taa kisikaribiwe na kitu chenye waya mwekundu wa moto. Anayetumia mwali wa moto huunguza vifuniko vya plastiki na mipira ya kuzuia mafuta, na huhatarisha chumba kizima. Nyumba za kambini ni chumba kimoja au viwili, na sigiri na watoto wamo humohumo. Kazi ya mafuta ya taa hapana budi ifanyike nje. Petroli isitumike kabisa, hata na yule anayeapa kwamba ameitumia miaka ishirini.

Ziko dawa za kopo za kupuliza, zinazouzwa kwa ajili ya kulegeza kutu. Ni nzuri kwa kulegeza, lakini watu wengi hudhani ni mafuta ya kulainisha, wakapuliza, wakashona, na baada ya wiki chache chuma kikawa kikavu kuliko mwanzo.

Siku ya tatu asubuhi gurudumu lilifanya mzunguko mzima. Mama alipiga kigelegele, na mzee akamwonya asiuguse mkanda bado. Uchafu wote uliolegea ulikuwa sasa ukielea ndani, ukitafuta mahali pa kwenda, na mahali hapo pangekuwa kichujio cha pampu na tambi zinazonyonya mafuta. Sinia likaoshwa mara mbili, kichujio kikatolewa na kusafishwa, kisha mafuta mapya yakatiwa mpaka kati ya alama ya juu na alama ya chini zilizochorwa ndani ya sinia. Mafuta yaliyotoka yalimiminwa juu ya kitambaa cheupe na kutazamwa juani. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Kama kungeonekana vumbi linalometameta kama fedha, ingekuwa dalili kwamba cherehani iliwahi kukimbizwa bila mafuta mpaka shafti ikaliwa na bushi yake. Na kama shafti yenyewe ingekuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua, pasingekuwa na haja ya kuendelea. Hilo ndilo jambo baya lililodokezwa hapo juu. Cherehani iliyoganda hufufuka kwa subira. Iliyoliwa shafti huhitaji vipuri na karakana, na kwa kawaida gharama yake hupita ya kichwa kingine kilichotumika. Katika kitambaa cha mama huyu hapakuonekana kitu ila uchafu wa manjano.

Mkanda ukarudishwa, sindano mpya ikatiwa, ya aina ya DB×1 ambayo ni sahihi kwa cherehani hii, mfereji wake mrefu ukielekea kushoto. Mama akakanyaga polepole. Mshono wa kwanza ulikatika, wa pili ukaruka, na katika hatua ya tano sindano ilivunjika.

Mama aliketi chini, akafunika uso kwa kanga. Ilikuwa tarehe 31 Desemba.

Mzee naye alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale vijana walilivuta gurudumu kwa spana kabla yeye hajafika. Walikana, na yaelekea walisema kweli. Alama za meno ya spana zilikuwepo juu ya gurudumu, lakini zilikuwa za zamani, zimejaa uchafu, zimefunikwa na rangi. Kuna aliyewatangulia, huenda muuzaji au aliyemuuzia. Gurudumu lililazimishwa, skurubu za ndoana zikateleza, kisha mtu huyo akapaka rangi na kungoja mnunuzi.

Kurekebisha jambo hilo ni kazi ya mtu mwenye macho na utulivu, na asiye na hivyo ampelekee fundi. Sindano hushushwa mpaka chini kabisa, kisha gurudumu huzungushwa mpaka sindano ipande milimita mbili hivi. Fimbo ya sindano katika cherehani hii ina mistari iliyochongwa inayoonyesha mahali hapo. Wakati huo hasa ncha ya ndoana yapaswa kuwa nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, katikati. Skurubu za ndoana hulegezwa, ndoana huletwa mahali hapo kwa mkono, skurubu hukazwa. Nafasi kati ya ncha ya ndoana na sindano huwa milimita 0.04 mpaka 0.1, yaani kiasi cha unywele mmoja: ikizidi, mishono huruka, ikigusana, sindano huvunjika au ncha huwa butu. Kabla ya kulegeza chochote mzee alichora alama kwa ncha ya msumari ili, ikiwa atakosea, aweze kurudi alipoanzia. Alikosea mara mbili, akarudi mara mbili. Mara ya tatu, saa nne ya usiku, khaki ya tabaka mbili ilipita chini ya sindano ikatoka upande wa pili na mshono ulionyooka, juu na chini sawa, na katika kidirisha mafuta yakaonekana yakiruka.

Wenye cherehani nzito za turubai, mikanda na mabegi, mathalani LU-563 ya Juki au 206RB ya Consew, wajue kwamba wao wana kinga ambayo cherehani ya mama huyu haina. Uzi ukibana katika ndoana, klachi ndogo ya usalama hujiachia chini. Gurudumu huzunguka, sindano hupanda na kushuka, lakini ndoana imesimama, na watu hudhani gia imekatika. Uzi ukiisha kutolewa, kitufe kilicho juu ya kitako cha cherehani hubonyezwa na kushikiliwa, na gurudumu huzungushwa kwa nguvu ya mkono mpaka mlio usikike. Kazi ni dakika moja, na wapo waliolipia siku nzima.

Juu ya ununuzi wenyewe, mzee alimwambia mama maneno machache tu, maana alikwisha kujifunza kwa gharama. Mkanda uondolewe dukani, gurudumu lizungushwe kwa mkono mara kumi, kidole kitiwe katika sinia la mafuta, kibao cha mota kisomwe, skurubu zitazamwe kama vichwa vyake vimeliwa, na gurudumu litazamwe kama lina alama za spana. Kama hakuna umeme dukani, fedha zibaki mfukoni mpaka urudi. Muuzaji asiyetaka kifuniko kifunguliwe amekwisha kujibu swali.

Kati ya sare arobaini, mama alimaliza thelathini na moja. Wazazi wa watoto tisa hawakungoja. Walidai fedha zao wakaenda madukani, na wawili kati yao hawajarudi kwake kushonesha tena. Sare ya mwisho ilitoka mezani Jumapili tarehe 9 Januari, saa mbili ya usiku, ikabebwa ikiwa bado na joto la pasi. Rejesho la kwanza la mkopo lililipwa kwa tarehe yake, pungufu kidogo, na pungufu hilo likafidiwa Februari. Mzee alikataa fedha, akaomba kaptura mbili za wajukuu.

Siku hizi, kabla ya kuwasha swichi asubuhi, mama huyo hulizungusha gurudumu kwa mkono mara tatu na kutazama alama za sinia. Chupa ya mafuta ya cherehani ameifunga kwa utepe mwekundu, akaiweka juu ya kabati, mbali kabisa na jiko.